*TAARIFA YA TAWI: NAFASI YA 26 DUNIANI HAIJASHUKA KWENYE GARI*



Taarifa hii ni ndefu. Tunaomba uisome mpaka mwisho kabla ya kuisambaza, na ukiisambaza usiikate katikati. Mara ya mwisho kuna mtu aliikata, akabakiza aya aliyoipenda, tukashinda wiki nzima tukijibu maneno ambayo hatukuyasema.

Wengi wenu mlikuwepo kwenye mkutano wa hadhara wa Jumamosi iliyopita. Ambao hamkuwepo mmesikia. Baada ya hotuba wananchi walipewa nafasi ya kuuliza, na mama mmoja akasimama. Hakuuliza mambo ya vyama. Alisema binti yake amemaliza kidato cha sita, amefaulu, na anaomba mkopo wa elimu ya juu. Kwa kuwa nyumbani hawana simu janja, binti alipelekwa steshenari. Kijana wa steshenari akamfungulia akaunti kwa namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake mwenyewe, akamlipia ile ada ya maombi ya shilingi elfu thelathini, akajaza nusu, kisha mtandao ukakata. Akawaambia warudi kesho. Kesho yake walipofika, wakaukuta mlango umefungwa: kijana amehamia Dodoma mjini kutafuta maisha. Neno la siri anajua yeye. Na dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi huu. Mama akauliza: nifanyeje?

Jibu alilopewa tunalinukuu kama tulivyolisikia, kwa sababu ndilo lililotufanya tukae kikao cha dharura jioni ileile. Aliambiwa hivi: "Mama, ondoa wasiwasi, Serikali yetu kwa mifumo ya mtandao ni ya 26 duniani na ya pili Afrika. Nenda ukajaribu tena." Watu wakapiga makofi. Mama akakaa.

Hatumtaji mtu. Aliyejibu si wa kwanza kujibu hivyo, wala hatakuwa wa mwisho. Tangu matokeo yale yatoke, hiyo 26 imegeuka kuwa jibu la kila swali. Maji hayatoki, sisi ni wa 26. Mwalimu mkuu ameshindwa kununua saruji kwa sababu mfumo haufunguki, sisi ni wa 26. Sasa tumeamua tuitazame hiyo namba kwa makini. Ilitoka wapi, inapima nini, na kuna kitu gani ambacho haikipimi?

*Namba si ya uongo*

Tuanze kwa kusema kweli. Kwenye kikao wapo wenzetu waliotaka tuandike kwamba 26 ni propaganda tu, imepikwa. Tulikataa. Haikupikwa. Benki ya Dunia ina kipimo inachokiita GTMI, kipimo cha ukomavu wa teknolojia serikalini. Toleo la 2022 liliangalia nchi na maeneo 198. Tanzania, ambayo katika toleo lililotangulia ilikuwa kwenye nafasi ya 90, ikapanda mpaka ya 26, ya pili Afrika nyuma ya Mauritius na ya kwanza Afrika Mashariki. Ikaingia kundi A. Hilo limetokea, na waliofanya kazi hiyo ni Watanzania, wengi wao vijana, waliokaa ofisini Dodoma wakiandika programu mpaka usiku. Wanastahili pongezi na tunawapa.

Tena hatusemi kwamba mifumo haijatusaidia. Anayekumbuka enzi za kulipia ushuru mkononi na kupewa risiti iliyochanwa kwenye daftari lisilojulikana lilichapwa wapi, anajua tofauti iliyoletwa na namba ya malipo tangu mfumo wa GePG uanze mwaka 2017. Pesa inaingia serikalini, mtu anabaki na ujumbe kwenye simu, na mtoza ushuru hana nafasi ya kusema "hukulipa". Kijana wa Rudi anaweza kuomba ajira bila kupanda basi kwenda Dodoma na bahasha ya vyeti kwapani. Mtumishi anaomba kuhama akiwa kituoni kwake. Haya tumeyaona, na baadhi yetu humu ndani tumeyatumia. Ambaye atasema chama chetu kinapinga teknolojia, mwambieni hata taarifa hii imemfikia kwa simu.

Ugomvi wetu uko kwingine.

*Kipimo kinauliza nani, na kinauliza nini?*

Kipimo cha Benki ya Dunia kinatazama mambo manne makubwa: mifumo ya ndani ya Serikali, namna huduma zinavyotolewa kwa mtandao, njia za kumshirikisha mwananchi, na mazingira wezeshi kama sheria, sera na taasisi. Kuna viashiria 48. Sehemu kubwa ya majibu inatoka kwa maofisa wa serikali wenyewe, wanaojaza dodoso. Maswali mengi ni ya namna hii: je, mnao mfumo wa malipo? Je, mna taasisi inayosimamia serikali mtandao? Je, mna sheria? Je, mifumo inasomana?

Kwa maswali hayo Tanzania inajibu vizuri. Taasisi tunayo, Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA. Sheria tunayo, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019. Mfumo wa malipo upo, mfumo wa ununuzi NeST umeanza kutumika 2023, mfumo wa kutoa malalamiko e-Mrejesho upo. Kila "ndiyo" inaleta alama. Ukijumlisha, unapata nchi ya kundi A.

Ila hakuna dodoso lililofika Galigali. Hakuna aliyemuuliza mkulima wa vitunguu wa Lumuma: wewe, mara ya mwisho ulipotaka huduma ya Serikali, uliipata kwa siku ngapi na kwa shilingi ngapi? Kipimo kinauliza kama mlango upo. Hakiulizi nani amepita.

Na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Benki ya Dunia yenyewe inazipanga nchi kwenye makundi manne, A mpaka D, na imeeleza kwamba kipimo chake hakikukusudiwa kushindanisha nchi kwa nafasi. Namba 26 inapatikana pale mtu anapochukua alama na kuzipanga kutoka juu kwenda chini. Maana yake, tunajitapa kwa nafasi katika mashindano ambayo mwenye uwanja amesema si mashindano.

Benki hiyo ina sababu ya kuwa mwangalifu. Mnaikumbuka ripoti yake ya wepesi wa kufanya biashara, ile iliyokuwa ikitoka kila mwaka na kuzipanga nchi? Septemba 2021 ilifutwa kabisa, baada ya uchunguzi kugundua kwamba takwimu za baadhi ya nchi kwenye matoleo ya 2018 na 2020 zilikuwa zimechezewa. Nchi zilikuwa zimeanza kutafuta nafasi badala ya kutafuta biashara. Katika toleo la mwisho la ripoti ile sisi tulikuwa wa 141 kati ya 190. Nafasi hiyo hatukumsikia mtu akiitangaza kwenye mkutano wowote hapa Mpwapwa.

*Nafasi nyingine ambayo haitajwi*

Kuna kipimo cha pili. Hiki ni cha Umoja wa Mataifa, hutolewa kila baada ya miaka miwili, na kinazihusu nchi wanachama wote 193. Mwaka 2018, 2020 na 2022 wa kwanza alikuwa Denmark. Katika matoleo ya 2020 na 2022 Tanzania tulikuwa nyuma ya nafasi ya 150.

Rudia kusoma. Nchi ileile, mwaka uleule wa 2022, mifumo ileile. Huku ni wa 26, kule tuko nyuma ya 150. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Vipimo viwili vinapima vitu viwili. Umoja wa Mataifa unachukua mafungu matatu na kuyapa uzito sawa. La kwanza ni huduma zilizoko mtandaoni. La pili ni mawasiliano: wangapi wana simu, wangapi wanatumia intaneti. La tatu ni watu wenyewe: wangapi wanajua kusoma, wamekaa shule miaka mingapi. Yaani baada ya kuuliza kama mlango upo, kipimo hiki kinatazama pia njia ya kuufikia mlango, na miguu ya anayekuja. Hapo ndipo tunapoanguka. Tofauti kati ya 26 na 150 ndiyo umbali kati ya ofisi ya Dodoma na kijiji chako. Mama wa Jumamosi anaishi ndani ya tofauti hiyo.

Toleo lililofuata la Umoja wa Mataifa lilitarajiwa mwaka 2024. Iwe tumepanda au tumeshuka, angalieni kama linasomwa jukwaani. Sisi tutalileta hapa lilivyo, hata kama litatupendelea Serikali na kutuaibisha tawi.

Wafugaji wetu wanalielewa jambo hili kuliko wataalamu. Wilaya yetu ina jina lake kwenye ng'ombe. Kuna aina ya ng'ombe inaitwa Mpwapwa, iliyozalishwa hapahapa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Lakini hakuna mtu mnadani anayenunua ng'ombe kwa kusoma jina lake. Unamzunguka, unamshika nundu, unamwangalia meno, unamwuliza mwenyewe anatoa lita ngapi. Akikwambia "huyu alishika nafasi ya 26 kwenye maonesho" unamwuliza tena: anatoa lita ngapi?

*Mfano wa shule*

Tuueleze mfano mmoja kwa urefu, maana unaonesha jinsi alama zinavyopanda na kazi inavyosimama.

Kuna shule moja ya msingi, hatutaitaja jina wala kata, kwa sababu mwalimu mkuu wake ana familia. Shule ililetewa fedha za kujenga matundu ya vyoo. Zamani kamati ya shule ingekaa, ingemtafuta fundi wa palepale kijijini, ingenunua saruji na mabati mjini, ikabandika risiti ukutani. Njia hiyo ilikuwa na wizi wake, hatukatai. Sasa manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka hivyo. Nia ni nzuri: kila anayeuza aonekane, bei zionekane, ndugu asimpe kazi ndugu gizani.

Haya, tuone kilichotokea. Shuleni hakuna mtandao unaoweza kufungua ukurasa wa mfumo. Mwalimu mkuu anapanda bodaboda mpaka mahali panaposhika, anatumia bando lake, anafungua kishikwambi. Kishikwambi hicho ni kile kilichotumika kwenye sensa ya 2022 na baadaye kikapewa walimu, kioo kimeshapasuka. Anaingiza mahitaji. Fundi wa kijijini, aliyejenga nusu ya nyumba za pale, hayumo kwenye mfumo. Ili aingie anatakiwa awe na namba ya mlipakodi, awe na nyaraka, awe na barua pepe. Barua pepe! Fundi ana simu ya kiswaswadu anayoichaji kwa jirani mwenye sola. Basi kazi inasubiri. Akipatikana mzabuni wa mbali, anakuja na bei ya mbali, kwa sababu naye ana mafuta ya gari ya kulipa.

Mwalimu huyo alituambia amesafiri mara nne kwa ajili ya tundu la choo. Siku hizo nne darasa la saba halikuwa na mwalimu wa hisabati, kwa sababu mwalimu wa hisabati ndiye huyohuyo. Watoto bado wanatumia choo cha zamani, ambacho ukuta wake umeegemezwa kwa gogo.

Sasa jiulize, kwenye dodoso hilo tukio limeandikwaje? Limeandikwa: "Nchi ina mfumo wa kitaifa wa ununuzi kwa mtandao? Ndiyo." Alama imeingia. Choo hakijaingia.

Mwenyekiti wetu wa tawi, mzee ambaye hapendi maneno mengi, alipomaliza kusikiliza alisema neno moja: "Gulwe." Vijana hawakumwelewa, ikabidi afafanue. Reli imepita Gulwe tangu wakati wa Mjerumani. Kwenye ramani ipo miaka yote. Lakini kila mvua kubwa ikinyesha, mto unaibeba, na abiria wanalala njiani. Ukiuliza "je, mna reli?", jibu ni ndiyo.

*Gharama inayofichwa*

Kuna jambo ambalo vipimo vyote viwili vinalikosa, nalo ni hili: huduma ya mtandao haikufuta gharama, imeihamisha. Imetoka kwa Serikali, imekuja kwa mwananchi. Zamani karani wa Serikali alijaza fomu, analipwa mshahara. Leo fomu anajaza kijana wa steshenari, na wewe ndiye unayemlipa. Zamani ulitembea kwenda ofisini. Leo unatembea kwenda kwenye mtandao, halafu unatembea kwenda ofisini ukaulize kwa nini mtandao haukujibu. Bando ni lako, nauli ni yako, na siku ya kazi iliyopotea ni yako.

Na kibaya zaidi ni siri zako. Tukubaliane kwamba vijana wa steshenari ndio mawaziri halisi wa serikali mtandao katika wilaya hii. Hatuwatukani, bila wao watu wangekwama kabisa, na wengi ni waaminifu. Lakini kijana mmoja ana namba za NIDA za nusu ya kata kwenye simu yake. Ana maneno ya siri, ana picha za vyeti, ana namba za akaunti za benki za vikundi. Hana kiapo wala usimamizi. Akihama, mambo ya watu yanahama naye. Akiwa na roho mbaya, tumekwisha. Nchi ya kundi A inategemea uungwana wa kijana mwenye printa.

Tunakumbuka Januari 2020, wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Waliozimiwa wengi hawakuwa wakaidi. Walikuwa watu wasio na namba ya NIDA, na hawakuwa na namba kwa sababu waliandikishwa na kusubiri bila majibu. Mfumo mmoja ulikuwa unamsubiri mwenzake, na aliyeadhibiwa ni bibi aliyekuwa akipokea pesa ya matumizi kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Mlolongo huo haujaisha. Bila NIDA hupati laini, bila laini hupati ujumbe wa kuthibitisha, bila ujumbe huingii kwenye mfumo.

Na mwaka 2024 Serikali ilitangaza kurudisha ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa Aprili 2023. Tumefurahi. Lakini tunaambiwa maombi yatapita kwenye mfumo. Tunauliza mapema, kabla ya kilio: kikundi cha akina mama wa Mima kitaombaje? Mwenye ulemavu wa macho wa Chipogoro atajaza nini, na nani atamsomea kilichoandikwa?

*Wenzetu wamefanyaje*

Msituambie haiwezekani. Kenya walianza kufungua Vituo vya Huduma mwaka 2013: unaingia kwenye jengo moja, madirisha mengi, mtumishi wa Serikali anayelipwa na Serikali anakufungulia mfumo na kukuhudumia palepale. Wana eCitizen yao yenye huduma maelfu, lakini hawakuvunja madirisha. Tena Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi, nchi nzima ilionja maana ya kuwa na mlango mmoja tu. Rwanda wana Irembo, na wana mawakala wa Irembo walioenea mpaka chini kuwasaidia wasio na simu janja.

Hata kwetu wazo lipo. Vituo vya Huduma Pamoja vilianzishwa kwenye majengo ya Posta mijini. Ni wazo zuri ambalo limekaa mjini, mahali ambapo watu tayari wana simu. Na Mei 2023, hapahapa Dodoma, mbele ya Rais, ilitiwa saini mikataba ya minara 758 ya mawasiliano vijijini. Tunataka kujua katika hiyo 758 mingapi ni ya Mpwapwa, inajengwa vijiji gani, na mingapi imeshawashwa. Mnara uliosimama bila kuwashwa tunauhesabu kuwa mti.

Lingine tuliseme bila chuki. Wizara inayosimamia serikali mtandao, yaani Ofisi ya Rais, Utumishi na Utawala Bora, mwaka 2023 iliwekwa chini ya Mheshimiwa George Simbachawene, ambaye ni Mbunge wa Kibakwe. Kibakwe ni wilaya hii. Hatumlaumu kwa yaliyoanza kabla yake, na vyama vyetu si kimoja. Lakini wakati huo hakukuwa na wilaya nyingine Tanzania iliyokuwa karibu na mwenye ufunguo kuliko sisi. Kama kuna mahali ambapo nafasi ya 26 ingeweza kupimwa kwa mguu, ni kwenye barabara ya kwenda Wotta na Lumuma. Tunamwalika kwa heshima apime nasi, siku anayotaka yeye. Gharama ya chai ni ya tawi.

*Tunachotaka*

Tunataka dirisha la msaada la Serikali kwenye tarafa za Kibakwe, Rudi na Mima, siyo Mpwapwa mjini peke yake. Chumba kimoja, kompyuta moja, umeme wa sola, na mtumishi mwenye kiapo. Vyumba vipo, kuna ofisi za watendaji ambazo nusu yake zimejaa madawati mabovu.

Tunataka pia kila huduma ya mtandao iwe na njia ya karatasi ya akiba mpaka siku mtandao utakapofika. Mfumo ukishindwa, mtumishi apokee fomu, agonge muhuri wa tarehe, na tarehe hiyo ndiyo ihesabike. Mwananchi asipoteze haki yake kwa sababu ukurasa ulikuwa unazunguka. Kwa manunuzi madogo ya shule na zahanati, mafundi wa vijijini waandikishwe na halmashauri kwa pamoja, afisa aende kijijini na kifaa chake, badala ya kila fundi kutafuta barua pepe.

Na halmashauri ianze kupima yenyewe. Ubandikwe ukutani, kila robo mwaka, umbali ambao mwananchi alitembea, siku alizosubiri, na pesa aliyotumia kwa huduma kumi za kawaida, kijiji kwa kijiji. Hayo hayahitaji Benki ya Dunia. Yanahitaji daftari.

Hatusubiri. Sisi tawi tumeshaanza daftari letu. Kila balozi wa chama amepewa ukurasa. Aliyekwenda kutafuta huduma anaandika alitoka wapi, alitumia shilingi ngapi, alikwenda mara ngapi, alipata au hakupata. Majina hayaandikwi, wala namba za NIDA, wala maneno ya siri. Atakayekuuliza hayo kwa jina la tawi, mkatalie na utupigie. Tunataka kufika Oktoba tukiwa na kurasa za kutosha kuzipeleka kwa Mkurugenzi na kuzisoma hadharani. Wanaofuata vyama vingine wanakaribishwa kuandika. Bando linaisha kwa wote.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipangwa tarehe 27 Novemba 2024. Watakuja wagombea wa uenyekiti wa kijiji na kitongoji, wakiwemo wa kwetu. Kila mmoja aulizwe atafanya nini na ofisi ya kijiji ili mtu asiye na simu ahudumiwe. Akijibu kwa kutaja nafasi ya 26, mwacheni apite. Na akiwa wa kwetu akajibu hivyo, tuleteeni jina kabla ya kura za maoni.

Kuhusu yule mama: Jumapili vijana wa tawi walianza kumtafuta kijana wa steshenari kwa simu, namba hii mpaka namba ile, kupitia binamu yake wa Chunyu. Alipatikana Jumatano, akatoa neno la siri bila ubishi, akaomba radhi, na akasema ana akaunti nyingine kumi na moja za watoto wa kwetu kwenye simu yake ambazo hajui wenyewe atawapataje. Binti amemaliza kuomba. Hao kumi na mmoja bado tunawatafuta. Kama mwanao au ndugu yako alijaziwa maombi kwenye steshenari iliyofungwa karibu na stendi, fika ofisi ya tawi leo au kesho, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Njoo na jina la mtoto na shule aliyomaliza, hatuhitaji kingine. Siku zilizobaki ni chache.

_Imetolewa na Kamati ya Uenezi ya Tawi, Mpwapwa, Agosti 2024._